Mabano

Wanafunzi wangu huniita Balozi. Sikuwahi kuwa balozi. Nilifanya kazi chini ya mabalozi wanne, nikamkaimu mmoja wao kwa miezi michache, kisha nikastaafu kwa hiari mwaka 2019 nilipotimiza miaka 55. Mwanzoni niliwasahihisha, mwishowe nikachoka. Balozi ninayemfahamu kwa karibu ni wa nyumba kumi mtaani kwetu, mama mmoja ambaye akibisha hodi jioni unajua kuna mchango.

Mama yangu mzazi naye hakuielewa kazi hii sawasawa. Mwaka 1990 nilipomwambia nimeajiriwa Wizara ya Mambo ya Nje aliniangalia, akauliza, "Na ya ndani umemwachia nani?" Nikamweleza kuwa ya ndani yana wizara yake. Akasema, "Sikuulizia serikali." Wakati huo nilikuwa na mke na mtoto wa miezi minne.

Ya ndani nitayaandika siku nyingine. Leo naandika juu ya swali nililoulizwa muhula huu na binti mmoja anayekaa mstari wa nyuma, swali lililonikuta sina jibu baada ya miaka 29 ya utumishi na mitano na ushee ya kufundisha. Ili lieleweke inabidi nianze na faili.

Maana jambo la kwanza nililofundishwa wizarani lilikuwa faili. Karatasi ikiingia masijala inagongwa muhuri, inapewa namba, inafungwa kwenye jalada, na kuanzia hapo hakuna mwenye ruhusa ya kuing'oa. Ukitaka kumwambia mkubwa neno la maana unaandika dokezo. Linaanza na suala lenyewe, linafuata chimbuko, halafu hoja, halafu ushauri, na linaishia na maneno ambayo nimeyaandika nadhani mara elfu kadhaa: "Nawasilisha kwa maelekezo yako." Ukilitazama dokezo kwa jicho la mwalimu wa sarufi utaona kitu. "Imebainika kuwa." "Inashauriwa." "Ilionekana vema." Humo ndani hamna mtu. Nafsi ya kwanza hujitokeza mstari wa mwisho tu, na ikijitokeza imekuja kuomba.

Hati ambazo wizara na balozi huandikiana ndizo zimezidi. Hazina "mimi" wala "wewe", hazina saini, zina muhuri na herufi mbili za jina pembeni. Wizara inatoa salamu zake kwa ubalozi fulani, ina heshima ya kuutaarifu hiki na kile, kisha inauhakikishia kwa mara nyingine heshima yake ya hali ya juu. Katikati ya salamu na heshima unaweza kuweka chochote. Niliwahi kuandaa rasimu iliyompa mtu saa 72 za kufungasha virago, kwa ibara ya 9 ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, ibara ambayo haimlazimu mwenyeji kutaja sababu. Salamu zilikuwepo juu, heshima ilikuwepo chini. Wanafunzi wakisikia hivi hucheka, wanaona ni unafiki wa watu wa suti. Mimi nauona ni uvumbuzi wa mtu mwenye akili sana. Waliogombana wanaendelea kuandikiana, kwa sababu hakuna aliyeandika.

Mwaka 1992 nikapelekwa Arusha. Mazungumzo kati ya Serikali ya Rwanda na waasi wa RPF waliokuwa wakipigana nayo yalikuwa yameanza Julai, Rais Mwinyi akiwa mwezeshaji na Balozi Ami Mpungwe akiyaendesha kwa niaba yake. Kazi yangu mimi ilikuwa karatasi: kupiga fotokopi, kupanga, kugawa, kukusanya rasimu za jana zisije zikachanganyika na za leo. Kifaransa changu kilikuwa cha masomo ya jioni, kinatosha kujua ukurasa uko juu chini au la.

Ndiko nilikoyajua mabano. Rasimu ikiwa mezani, neno ambalo upande mmoja haulitaki halifutwi. Linazungushiwa mabano ya mraba, linabaki pale pale likionekana na kila mtu, lakini halijakubaliwa. Sentensi moja inaweza kubeba mabano matatu, moja ndani ya jingine kama masufuria ya shughuli yakishaoshwa. Watu wa nje hudhani usuluhishi ni kushikana mikono na hotuba. Aliye ndani anajua ni kuhesabu mabano. Jioni hakuna anayeuliza kama mmeelewana. Wanauliza yamebaki mangapi.

Siku moja niligawa ukurasa ambao mashine ilikuwa imeukata pembeni, mabano mawili yakapotea. Ujumbe mmoja ukaamini mwenzake amelegeza kamba, ukasimama kushukuru. Nusu siku ilikwenda kurudisha mambo yalipokuwa. Mzee aliyekuwa akinisimamia hakunigombeza. Alinipa kalamu nyekundu, akaniambia kuanzia kesho nitayahesabu mabano kwa mkono, kabla ya kugawa na baada ya kukusanya. Ile tabia haijanitoka. Hadi leo nikisoma mkataba wa pango la nyumba nahesabu.

Yalifunguliwa yote, bano kwa bano. Utawala wa sheria Agosti 1992. Mgawanyo wa madaraka Oktoba na Januari, wizara 21 zikigawanywa kwa vyama kama nyama ya sherehe: tano huku, tano kule, nne kwa chama cha waziri mkuu. Wakimbizi Juni 1993. Jeshi ndilo lililotutoa jasho, mpaka ikakubaliwa asilimia 60 ya askari watoke serikalini na 40 RPF, na nafasi za makamanda nusu kwa nusu. Tarehe 4 Agosti 1993 wakasaini. Mkataba ulisema vyombo vya mpito visimikwe ndani ya siku 37. Usiku ule, nimechoka hata viatu sikuvua, nilichukua kalenda ndogo ya mezani nikahesabu. 10 Septemba. Nikaizungushia kalamu nyekundu.

Septemba 10 ilipita kama siku nyingine yoyote.

Tarehe 6 Aprili 1994 viongozi wa kanda walikutana Dar es Salaam kumbana Rais Habyarimana atekeleze alichosaini. Jioni akapanda ndege yake, yeye na Rais Ntaryamira wa Burundi, ikatunguliwa ikikaribia kutua. Kilichoanza usiku ule Kigali mnakijua, na sina haki ya kukisimulia wakati wapo waliokuwa ndani yake.

Mimi niliona ukingo wake tu. Mwanzoni mwa Mei nilikuwa Ngara na ujumbe wa serikali. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 walikuwa wamevuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa zisizozidi sana 24, na Benaco, mahali ambapo wiki moja kabla hapakuwa na kitu, palikuwa mji. Upande wetu wa daraja palikuwa na rundo la mapanga waliyotakiwa kuyaacha kabla ya kuingia. Katika umati ule walikuwemo wakimbizi na walikuwemo waliotumia mapanga yale, wamesimama foleni moja ya maji. Nilikuwa na daftari. Nilitakiwa kuandika taarifa, na taarifa ile ilianza, Mungu anisamehe, na "Imebainika kuwa".

Miaka iliyofuata niende nayo haraka, maana kazi ya ubalozini kwa sehemu kubwa ni kupokea wageni uwanja wa ndege. Addis Ababa nilikaa, nikaiona OAU ikigeuka kuwa Umoja wa Afrika mwaka 2002. Halafu New York, wakati Tanzania ilipokuwa na kiti kisicho cha kudumu kwenye Baraza la Usalama, 2005 na 2006, Mwakilishi wetu wa Kudumu akiwa Balozi Augustine Mahiga. Januari 2006 uenyekiti wa Baraza ulikuwa zamu yetu, na Mama Asha-Rose Migiro, aliyekuwa ndiyo kwanza ameteuliwa Waziri wa Mambo ya Nje, akaja kuongoza mjadala wa Maziwa Makuu. Wote wawili walikuwa wamewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilikuwa sijalifikiria jambo hilo wakati ule. Leo nalifikiria sana, kwa sababu njia kati ya Mlimani na wizara imekuwa wazi miaka mingi, watu wanapita kwenda na kurudi. Balozi Liberata Mulamula alitoka ukatibu mkuu akaenda kufundisha chuo kikuu Washington, kisha mwaka 2021 akarudi kuwa waziri. Mimi nimepita upande mmoja tu, na usawa huu sidhani kama nitarudi.

Kule New York kulikuwa na rasimu ya azimio la kuwalinda raia kwenye vita. Ilichukua karibu nusu mwaka. Bano kubwa lilikuwa kwenye aya inayorejea ibara za 138 na 139 za tamko la wakuu wa nchi la Septemba 2005, zile zinazosema nchi ina wajibu wa kuwalinda watu wake dhidi ya mauaji ya kimbari na kwamba ikishindwa waziwazi dunia ina la kufanya. Nilikaa nyuma ya mkubwa wangu na kalamu nyekundu, nahesabu. Likafunguliwa, likawa azimio namba 1674, tarehe 28 Aprili 2006. Miaka mingi baadaye, naandaa mhadhara usiku, ndipo nilipozitazama tarehe mbili zikiwa zimekaa juu na chini kwenye karatasi moja. Rusumo, 28 Aprili. Azimio, 28 Aprili. Miaka 12 kamili, na nilikuwepo pote pawili bila kuona.

Sasa darasani. Mhadhara wangu wa kwanza ulikuwa aibu. Nilikuwa nimezoea kwamba nikifungua mdomo watu wananukuu, nikazungumza saa mbili: nani alimwambia nani nini kwenye korido ipi, itifaki ya kukaa mezani, jinsi ya kubeba glasi mkono wa kushoto ili wa kulia uwe mkavu. Nikamaliza, nikauliza kama kuna maswali. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, haya yatatoka kwenye mtihani?"

Alikuwa na haki. Visa bila hoja ni baraza la kahawa. Nikaanza kusoma upya vitabu nilivyovipita kwa mbio wakati wa shahada ya pili, na hapo ndipo nilipopata mshtuko ambao sikuutarajia. Wizarani tuliwacheka wasomi. Mtu ambaye hajawahi kumsubiri waziri saa tatu usiku atatuambia nini? Kumbe walikuwa wametuangalia. Msomi William Zartman alikuwa ameandika juu ya mgogoro kuiva, kwamba wapiganaji hukaa mezani kila upande unapoona mkwamo unawaumiza wote na kuna mlango wa kutokea. Neno lenyewe ni la shambani: embe bichi halianguki hata uutikise mti vipi. Na mwenzake Stephen Stedman, mwaka 1997, alikuwa ameandika juu ya wavurugaji wa amani, wale ambao kwao mkataba wenyewe ndio hasara, na mmoja wa mifano yake ni CDR, chama cha Wahutu wenye siasa kali cha Rwanda. Nilikisoma kifungu hicho nikafunga kitabu, nikatoka nje kutembea. CDR ndio walioachwa nje ya serikali ya mpito. RPF waliwakataa katakata, na kwa sababu zinazoeleweka kabisa. Tulihesabu kila bano lililokuwa kwenye karatasi. Hawa hawakuwa na bano, kwa kuwa hawakuwa kwenye karatasi.

Tangu hapo nina zoezi moja. Nagawa darasa pande mbili na upande wa usuluhishi, nawapa rasimu yenye mabano 14, nawapa wiki mbili. Wanafunzi ni wepesi wa kuafikiana kuliko majenerali, hasa ikikaribia saa ya chakula. Kwa hiyo kila upande namchagua mmoja, nampa bahasha kwa siri. Ndani imeandikwa kwamba mkataba ukipita yeye anapoteza kila kitu: cheo, nyumba, pengine kichwa. Asiseme. Afanye atakavyo. Katika miaka yote hii hakuna darasa lililomgundua mtu wa bahasha kabla ya kusaini. Wanapiga makofi, wanapiga picha, ndipo namwomba asimame asome.

Ni baada ya zoezi hilo, muhula huu, binti wa mstari wa nyuma aliponyoosha mkono. Nilikuwa nimemaliza kueleza siku 37 na kalenda.

"Balozi, ile tarehe 4 Agosti, uliamini?"

Nikajibu, na nilijibu vizuri tu, kwa sauti ya podiamu: "Serikali ya Tanzania iliamini kwamba mkataba ule uliweka msingi wa..."

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Nimekuuliza wewe."

Nikatazama saa, nikasema tutaendelea wiki ijayo. Hiyo ni mbinu ya zamani sana: ukikosa jibu, ahirisha kikao.

Nyumbani nina sanduku la bati. Nyaraka za serikali hazimo, ziko zinakotakiwa kuwa. Lakini mna karatasi ambazo hazikuwahi kuingia masijala, hazina namba, hazikuwa mali ya faili lolote. Moja ni rasimu ya dokezo niliyoiandika kwa mkono Desemba 1993. Nilikuwa nimeeleza kwamba tarehe ya kusimika serikali ya mpito imepita miezi mitatu na hakuna anayeulizwa. Kwamba Oktoba Rais Ndadaye ameuawa Burundi, na kila mwenye shaka Kigali sasa ana sababu ya kuonyesha. Kwamba redio RTLM inatangaza tangu Julai maneno ambayo mtu hayasemi kama anajiandaa kuishi na jirani yake. Kwamba Baraza la Usalama limeidhinisha kikosi cha kulinda amani Rwanda kwa azimio namba 872 siku mbili tu baada ya Wamarekani 18 kuuawa Mogadishu, na nchi iliyotoka msibani haitumi wanawe kirahisi kwenye msiba mwingine. Nikashauri kanda iwaite watia saini kabla Januari haijaisha.

Halikutoka mezani kwangu. Nilikuwa afisa wa daraja la pili, hakuna aliyeniuliza, na mke wangu alikuwa karibu kujifungua wa pili. Hizo ni sababu za kweli. Lakini nikiitazama karatasi naona na nyingine. Aya ya mwisho imekatwakatwa mara nne. Kwanza nimeandika "Naona watu hawa hawatatekeleza." Nimefuta. "Inaonekana kuwa pande husika hazitatekeleza." Nimefuta, na pembeni, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nimejiuliza: inaonekana na nani? Ushahidi sikuwa nao. Nilikuwa na miezi 13 ya kuwatazama watu wakisaini huku macho yao yako mlangoni, na kitu hicho hakina kauli ya kutendwa. Hakiandikiki bila "mimi". Basi nikaikunja.

Wiki iliyofuata niliisoma mbele ya darasa, na makosa yake. Nikamwambia binti: tarehe 4 Agosti niliamini. Desemba sikuamini tena. Hilo ndilo jibu langu, limechelewa wiki moja na miaka thelathini na kitu.

Pakawa kimya. Kisha akauliza, "Lina kurasa ngapi?"

"Mbili na nusu. Mwandiko mdogo."

"Ungelirudisha," akasema. Safari hii nilicheka mimi. Kwenye somo langu dokezo likizidi ukurasa mmoja nalirudisha bila kulisoma, kila mtu analijua hilo.

Kwa hiyo nikawapa kazi. Waandike dokezo lile upya, ukurasa mmoja, tarehe 20 Desemba 1993, na asiwepo anayejua kitakachotokea baadaye. Wamekusanya Ijumaa, karatasi 41. Wengi wameshindwa sharti la mwisho. Wanajua mno. Mmoja ametahadharisha kuhusu ndege. Mwingine anataka mahakama ya mauaji ya kimbari ianzishwe Arusha, kwenye jengo lile lile tulimokuwa tunafungua mabano, ambapo kweli mahakama ilikuja kukaa, lakini azimio lake ni la Novemba 1994 na mtu wa Desemba 1993 hawezi kuliota.

La binti wa mstari wa nyuma ni mistari 22. Limeanza na neno "Naona". Halikuishia na "Nawasilisha kwa maelekezo yako". Limeishia na majina yake yote matatu na saini. Kwa kanuni nilizowapa mwenyewe natakiwa nimkate alama mbili za umbo. Kalamu nyekundu iko hapa mezani tangu jana, na matokeo yanatakiwa ofisini kesho saa nne.